Soma Kabla ya Kutia Sahihi: Mwongozo wa Maneno ya Mikopo, Sacco, Uwekezaji na Bima kwa Mtu wa Kisumu na Magharibi

Karatasi za pesa katika nyumba nyingi zimetawanyika. Hati ya bima imelala ndani ya Biblia, stakabadhi za sacco ziko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, na mkataba wa mkopo uko kwenye simu, ulibonyeza "nakubali" bila kuufungua. Kazi ya kwanza ni kuzileta zote mezani. Chukua kalamu, kikokotoo cha simu na daftari moja tupu, kisha tenga jioni mbili tatu. Mambo haya hayaishi kwa saa moja.

Mimi ni mweka hazina wa chama cha wafanyabiashara hapa Kisumu, na swali ninaloulizwa zaidi ni "neno hili maana yake nini?" Siku hizi sijibu kwa maana. Namwambia mtu akae, tugeuze lile neno liwe shilingi na tarehe. Kila neno la pesa, liwe zito namna gani, linapaswa kukujibu mojawapo ya maswali manne: nani anamlipa nani, ni shilingi ngapi, lini, na mambo yakiharibika hasara ni ya nani. Yaandike maswali hayo juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Tutayarudia kwa kila karatasi.

Hatua ya kwanza: igeuze riba iwe shilingi

Anza na mkopo, kwa sababu hapo ndipo pesa hutoka haraka. Mazungumzo ya dirishani kwa mkopeshaji pale Kondele huwa hivi:

"Mama, riba yetu ni moja na nusu tu kwa mwezi."

"Inahesabiwa kwa mkopo wote ama kwa salio, mwanangu?"

"Ni ile ya kawaida, mama."

"Basi niandikie hapa jumla nitakayolipa hadi siku ya mwisho."

Swali la huyo mama ndilo la kuuliza. Kuna riba ya flati, inayohesabiwa kwa mkopo wote hadi mwisho hata kama umeshalipa nusu, na kuna riba ya salio linalopungua, inayohesabiwa kwa deni lililobaki peke yake. Chukua mkopo wa shilingi 60,000 kwa miezi 10, riba asilimia 1.5 kwa mwezi. Kwa flati, kila mwezi riba ni shilingi 900, na kwa miezi 10 ni 9,000. Kwa salio linalopungua, ukilipa 6,000 ya mkopo kila mwezi, mwezi wa kwanza riba ni 900, wa pili 810, wa tatu 720, hadi mwezi wa mwisho ambapo ni 90. Jumlisha: 4,950. Asilimia ni ile ile, muda ni ule ule, na tofauti ni shilingi 4,050.

Ndiyo maana mkopo wa sacco wa "asilimia moja kwa mwezi" kwa salio na mkopo wa duka la mikopo wa "asilimia moja kwa mwezi" wa flati si ndugu. Kama kanuni ya haraka, mkopo wa flati unaolipwa kwa awamu za mwaka mmoja una gharama inayokaribia mara mbili ya asilimia inayotangazwa. Asilimia 12 ya flati kwa mwaka ni sawa na karibu 21.5 ukiihesabu kwa salio.

Baada ya riba, tafuta makato ya mwanzo. Kwenye mkopo ule ule wa 60,000, tuseme kuna ada ya kushughulikia mkopo ya asilimia 3, yaani 1,800, na bima ya mkopo ya asilimia 1, yaani 600. Vyote vikikatwa kabla hujapewa pesa, mkononi unapata 57,600 huku ukilipia riba ya 60,000. Andika daftarini mistari mitatu: *nilichopokea*, *nitakacholipa jumla*, *tofauti*. Ukiwa unalinganisha wakopeshaji wawili kwa muda uleule, linganisha huo mstari wa tatu. Mengine ni matangazo.

Muda nao hubadilisha hesabu kabisa. Mkopo wa simu wa shilingi 5,000 kwa siku 30 wenye ada ya asilimia 7.5 unakugharimu 375. Inaonekana kama nauli ya matatu. Ila mtu akiurudia kila mwezi kwa mwaka mzima, amelipa 4,500 kwa kutumia zile 5,000 zile zile, yaani asilimia 90. Kwa dharura ya usiku mmoja, mkopo huo una kazi yake. Kama ndio mtaji wa kununua omena kila wiki, unafanya kazi ya mkopeshaji.

Mikopo ya pikipiki inastahili ukurasa wake, maana vijana wetu wengi wanaingia humo wakitazama namba moja tu, ile ya kila siku. Tuseme pikipiki inauzwa 160,000 taslimu. Unaambiwa lipa amana ya 20,000, kisha 430 kwa siku kwa miezi 18. Miezi 18 ni kama siku 547. Zidisha: 235,210. Ongeza amana: 255,210. Unalipa 95,210 juu ya bei ya taslimu. Inaweza kuwa biashara nzuri bado, kama pikipiki inaingiza ya kutosha na huna njia nyingine ya kuipata. Ila sasa unajua bei. Halafu uliza maswali mawili ambayo muuzaji hatayataja: siku ya mvua nisipofanya kazi, faini ni ngapi? Na logbook, ile hati ya umiliki wa pikipiki, iko kwa jina la nani hadi nimalize?

Hatua ya pili: soma sehemu ya "ukishindwa kulipa"

Watu huiruka sehemu hii kwa sababu inaonekana kama kujitakia mkosi. Ndiyo ya kusomwa mara mbili.

*Faini ya kuchelewa* inaweza kuwa kiasi fulani kwa siku, au asilimia ya awamu uliyokosa, au, mbaya zaidi, asilimia ya deni lote. Piga mstari chini ya hilo neno "lote" ukiliona.

*Kikomo cha riba.* Hii watu wengi hawaijui. Tangu 2007, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema kwamba mkopo wa benki ukishaharibika, yaani ukishaacha kulipwa, riba inayoendelea kuongezeka haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwepo siku ulipoharibika. Kama ulikuwa umebakisha 40,000, riba ya baadaye haiwezi kupita 40,000 nyingine. Gharama za kufuatilia deni zinaweza kuongezwa, lakini ile hadithi ya mkopo wa elfu arobaini kugeuka laki tatu kwa riba tupu haina nafasi kisheria kwa benki. Ukikutana na hesabu ya namna hiyo, omba taarifa ya akaunti inayoonyesha tarehe mkopo ulipoharibika.

*CRB.* Hiyo ni ofisi ya kumbukumbu za mikopo, na zilizo na leseni Kenya ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Watu husema "nimewekwa CRB" kana kwamba ni jela. Ukweli ni kwamba kila mkopaji yumo, mlipaji mzuri na mbaya. Tofauti ni kilichoandikwa. Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka, kwa hiyo iombe hata kama hudaiwi. Utaona mikopo uliyosahau, na wakati mwingine mkopo usioujua. Kumbuka pia kwamba kulipa hakufuti historia siku hiyo hiyo: rekodi hubaki ikionyesha ulichelewa, kisha ukalipa.

*Dhamana.* Kuna dhamana ya ardhi na dhamana ya vitu. Kwa ardhi, nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzi, na kabla ya kuuzwa mkopeshaji lazima atoe notisi ya miezi mitatu ya kurekebisha deni, kisha nyingine ya siku zisizopungua 40 kabla ya mnada. Hifadhi kila bahasha inayofika, pamoja na tarehe uliyoipokea. Kwa vitu, sheria ya mwaka wa 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika inaruhusu ng'ombe, friji, cherehani, hata madeni unayodai wateja, kusajiliwa kama dhamana. Kwa hiyo ukiona kwenye fomu orodha ya "mali za nyumbani", usijaze tu ili karatasi ijae. Umeweka rehani kochi la mama mkwe.

*Mdhamini.* Neno hili limevunja undugu mwingi kuliko mashamba. Kumdhamini mtu si kumshuhudia tabia. Ni kuahidi kulipa. Katika sacco, ukimdhamini mwenzako kwa 50,000, kiasi hicho cha amana zako kinafungwa hadi alipe, na hata ukitaka kujiuzulu uanachama huwezi kuzitoa. Kabla ya kutia sahihi uliza: ni kiasi gani hasa nimedhamini, wadhamini wengine ni kina nani, na naweza kubadilishwa na mdhamini mwingine nikitaka kutoka? Akija shemeji na fomu ambayo nafasi ya kiasi bado iko wazi, mwambie aijaze kwanza, kisha mtaongea chai ikiwa mezani.

Hatua ya tatu: tenganisha vyungu viwili vya sacco

Chukua taarifa yako ya sacco. Utaona mistari miwili ambayo watu huichanganya.

Wa kwanza ni *mtaji wa hisa*. Hii ni sehemu yako ya umiliki. Ukitoka, hurudishiwi, unaweza kuihamisha au kumuuzia mwanachama mwingine. Wa pili ni *amana*, zile akiba zako za kila mwezi. Hizi unarudishiwa ukitoka, baada ya notisi ambayo mara nyingi ni siku 60, mradi huna deni na hujamdhamini mtu. Ni amana zinazozidishwa, mara tatu kwa sacco nyingi, kukupa kiwango cha mkopo.

Sasa msimu wa mikutano ya mwaka ukifika, sacco hutangaza asilimia mbili: *gawio* kwa hisa na *riba* kwa amana. Bango likipiga kelele "asilimia 15", angalia ni ya kipi. Mwenye hisa za 20,000 na amana za 200,000 akipewa gawio la asilimia 15 na riba ya asilimia 8, anapata 3,000 upande mmoja na 16,000 upande wa pili. Riba ya amana ndiyo iliyobeba pesa zake, ingawa bango halikuitaja. Kodi hukatwa kabla ya kukufikia. Pia riba ya amana kwa kawaida huhesabiwa mwezi kwa mwezi: pesa uliyoweka Desemba haipati riba ya mwaka mzima, kwa hiyo kukimbilia kuweka donge mwishoni mwa mwaka ili "kupata asilimia" hakukuletei ulichotarajia.

FOSA ni upande wa sacco unaofanya kazi kama benki, unaweka na kutoa upendavyo. Sacco za aina hiyo zinahitaji leseni ya SASRA, mamlaka ya kusimamia sacco, na orodha ya zilizo na leseni huchapishwa kila mwaka. Iangalie kabla ya kumpelekea mtu pesa zako za mavuno.

Mwisho wa hatua hii, tafuta fomu ya *mteuliwa*, mtu atakayelipwa ukifa. Wengi waliijaza wakiwa na miaka 23, wakaandika jina la kaka, kisha wakaoa, wakapata watoto, na fomu ikabaki ya kaka. Nenda ofisini ubadilishe wiki hii. Kwa pesa za benki mambo ni tofauti, mara nyingi hungoja kesi ya urithi mahakamani.

Hatua ya nne: pima uwekezaji kwa hatari kabla ya faida

Hapa maneno ni mengi lakini mambo ya kujua si mengi.

*Mani maketi* ni mfuko unaokusanya pesa za watu wengi na kuzikopesha kwa muda mfupi, hasa kwa serikali na benki. Asilimia unayoonyeshwa ni ya mwaka, na hubadilika kila siku. Ukiweka 100,000 na mfuko ukaleta asilimia 10 kwa mwaka mzima, riba ni 10,000. Kodi ya asilimia 15 hukatwa, unabaki na 8,500. Bei za vitu zikipanda kwa asilimia 5, nguvu ya pesa yako imekua kwa kama 3,500 tu. Hilo ndilo wanaloliita *faida halisi*. Ada ya msimamizi wa mfuko huwa imeshaondolewa kabla ya kutangaza asilimia, lakini uliza. Kutoa pesa huchukua siku moja hadi tatu, kwa hivyo usiweke humo karo inayotakiwa kesho asubuhi.

*Bili za hazina* ni mkopo wako kwa serikali wa siku 91, 182 au 364. Hulipwi riba mwishoni. Unanunua kwa bei ya chini. Bili ya 100,000 ya siku 364 kwa kiwango cha asilimia 10 inanunuliwa kwa takriban 90,930. Tofauti, kama 9,070, ndiyo riba, na juu yake kuna kodi ya asilimia 15.

*Hatifungani*, au bondi kama wengi tunavyosema, ni mkopo wa miaka. Kima cha chini ni 50,000, na riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Kodi kwenye bondi za chini ya miaka 10 ni asilimia 15, za miaka 10 na zaidi ni 10, na bondi za miundombinu hazikatwi kabisa. Ile ya miundombinu ya Februari 2024, ya miaka 8.5, ilitoka na riba ya karibu asilimia 18.46: kwa kiwango hicho, riba ya 50,000 ni kama 4,615 kila miezi sita. Kitu kimoja cha kushika: ukiuza bondi kabla ya muda wake, bei ni ya soko. Riba mpya zikipanda, bondi yako ya zamani hushuka thamani, maana hakuna atakayelipa bei kamili kwa riba ndogo. Ukikaa nayo hadi mwisho, hilo halikugusi. Ununuzi ni kupitia DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu wa kununulia bili na bondi, kwenye simu, na kwa anayetaka kuuliza ana kwa ana, Benki Kuu ina tawi hapa Kisumu.

*Hisa* ni umiliki wa kampuni. Watu wa magharibi hawahitaji mfano kutoka mbali. Mumias, kampuni ya sukari, iliingia soko la hisa la Nairobi mwaka wa 2001, na wakulima wa miwa wakanunua kwa fahari, hii ni yetu. Septemba 2019 benki ya KCB iliiweka kampuni chini ya meneja mrasimu, msimamizi wa kuikusanyia benki deni lake, na biashara ya hisa zake ikasimamishwa. Kampuni ikianguka, foleni ya malipo ina mpangilio: wenye dhamana kwanza, kisha wadai wengine na wafanyakazi kwa taratibu za sheria, na mwenye hisa nyuma ya wote. Hilo halifanyi hisa kuwa mbaya. Linafanya hisa kuwa mahali pa pesa ambazo unaweza kukaa bila kuzigusa kwa miaka, na usiweke zote kwenye kampuni moja hata kama kiwanda unakiona dirishani.

Na lile neno *uhakika*. Mtu akikuahidi asilimia 10 kwa mwezi kwa uhakika, pesa inatoka kwa anayeingia baada yako. Miradi ya piramidi iliyoporomoka miaka ya 2006 na 2007 ilipita makanisani na kwenye vyama kama moto wa kiangazi, kwa sababu aliyekuleta alikuwa ni mtu unayemwamini na kweli alikuwa amelipwa.

Hatua ya tano: soma bima kuanzia nyuma

Hati ya bima usianze na ukurasa wa kwanza wenye picha ya familia inayocheka. Fungua nyuma, kwenye orodha ya *yasiyolipiwa*. Hapo ndipo bima halisi ilipo.

Kwa anayeishi Nyando, Ahero au Budalang'i, neno la kutafuta ni *mafuriko*. Bima ya nyumba au ya bidhaa dukani inaweza kulipia moto na wizi lakini iache maji, au iyaweke kama nyongeza ya kulipia kando. Kama mto umewahi kuingia kwako, uliza kwa maandishi: mto ukivunja kingo, mnalipa?

Kisha rudi mbele na usome namba nne.

*Ada ya bima* ndiyo unayolipa. Angalia tarehe ya mwisho na siku za neema. Ukipitisha, bima imekufa hata kama ulilipa miaka sita mfululizo.

*Kiasi cha bima* ni cha juu kabisa watakacholipa. Hapa kuna mtego wa wafanyabiashara. Tuseme una mitumba ya shilingi 400,000 katika kibanda Kibuye, lakini ili kupunguza ada ukaikatia bima ya 200,000. Moto unachoma bidhaa za 100,000. Ungedhani utalipwa 100,000, maana iko chini ya 200,000. Kampuni itasema umekata bima ya nusu ya mali, kwa hiyo inakulipa nusu ya hasara: 50,000. Hii inaitwa *kanuni ya uwiano*, na iko kwenye hati nyingi za mali. Dawa yake ni kuhesabu bidhaa upya kila unapoifanya bima upya, na kuweka daftari la manunuzi mahali ambapo moto wa sokoni hauwezi kulifikia. Picha za simu zilizotumwa kwa mtu mwingine zinatosha kuanzia.

*Eksesi* ni sehemu ya hasara unayojibebea. Kama ni 5,000, kwenye mfano wa juu unaondoka na 45,000. Eksesi kubwa hupunguza ada, na ni biashara ya haki kama una akiba ya kuilipa. Kwa bima ya matibabu, sehemu unayochangia kila ziara ni binamu yake.

*Kipindi cha kungoja* ni muda kabla bima haijaanza kulipia jambo fulani. Uzazi na magonjwa uliyokuwa nayo huwa na ngoja ndefu. Ukificha ugonjwa uliokuwa nao wakati wa kujaza fomu, unaipa kampuni sababu ya kukataa. Sema kila kitu, hata wakala akikwambia "hilo acha tu." Wakala atakuwa amehama siku ya madai.

Kwa gari na pikipiki, *bima ya mtu wa tatu* ndiyo inayotakiwa na sheria, Sura ya 405. Inalipa uliyemuumiza au kumuua barabarani, hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Hailipi pikipiki yako, hailipi mguu wako. Mahakama ikiamua zaidi ya milioni 3, kinachozidi kinaweza kukurudia wewe mwenyewe. *Bima kamili* inaongeza chombo chako. Tena angalia matumizi yaliyoandikwa: pikipiki iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi huku ikibeba abiria kutoka Kondele hadi Mamboleo inakupa karatasi ya kumwonyesha polisi, na mabishano siku ya ajali.

Bima za maisha na za masomo zina neno lao: *thamani ya kusalimisha*, yaani unachopewa ukiacha njiani. Katika miaka ya mwanzo, mara nyingi mitatu, huwa sifuri au karibu na hapo, kwa sababu ada za kwanza zilienda kwenye kamisheni na gharama. Kabla ya kusaini bima ya masomo ya miaka 12, omba jedwali linaloonyesha thamani hiyo mwaka kwa mwaka. Kama kipato chako hupanda na kushuka na mvua, maoni yangu ni kwamba bima rahisi ya kifo pekee, pamoja na akiba kando kwenye sacco, haitakusumbua sana. Wakala hatakubaliana nami.

Bima za mazao zinazotumia kipimo cha mvua au satelaiti hulipa kulingana na kipimo cha eneo, si shamba lako. Mvua ya mawe ikikupiga wewe peke yako, kipimo kinaweza kusema hali ni nzuri. Ukilijua hilo mapema, hutaiita wizi.

SHIF, bima ya afya ya serikali, tangu 1 Oktoba 2024 imechukua nafasi ya NHIF: aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Mshahara wa 30,000 unakatwa 825. Bima ya binafsi ni ya kujazia juu yake.

Hatua ya sita: jua mlango wa kugonga

Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari andika ni nani anayemsimamia kila uliyempa pesa. Benki na wakopeshaji wa simu wenye leseni ni Benki Kuu. Sacco zinazopokea amana ni SASRA. Bima ni IRA, mamlaka ya bima. Mani maketi, hisa na madalali wake ni CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji. Pensheni ni RBA, mamlaka ya mafao ya kustaafu. Chama chenu cha mtaani hakina mdhibiti wa namna hiyo, kinasimamiwa na katiba yenu na daftari la mweka hazina wenu, kwa hivyo lisomeni.

Kwa akiba za benki kuna KDIC, shirika la kinga ya amana: benki ikifungwa, kila mwekaji analipwa hadi shilingi 500,000. Mwenye milioni moja na nusu ana sababu ya kuigawa kwenye benki tatu. Kinga hiyo haifiki kwenye mani maketi wala sacco, hata kama afisa anasema "ni kama benki tu."

Kama kuna tatizo, andika kwanza kwa kampuni yenyewe, barua au baruapepe, ukitaja namba ya akaunti, tarehe na kiasi. Simu hazina ushahidi. Omba jibu la maandishi na weka nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya au jibu lisiposhika hoja, peleka nakala zote kwa mdhibiti husika. Usipeleke karatasi halisi. Hizo zirudishe kwenye ile bahasha ya kaki, na mwonyeshe mwenzio au mwanao mkubwa mahali inapokaa.